Jenereta ndogo, inveta ya betri au sola ya volti 12: kipi kitabeba vifaa vyako?

Ukipita Makoroboi au kwenye maduka ya katikati ya jiji la Mwanza ukiulizia kitu cha kukufaa umeme ukikatika, utaonyeshwa vitu vitatu: jenereta ndogo ya petroli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na betri yake, na seti ya sola ya volti 12. Muuzaji wa kila kimoja atakwambia, "Bosi, hii inabeba nyumba nzima." Si lazima awe anakudanganya. Hajui tu nyumba yako ina nini ndani. Wa kujua ni wewe, na kujua huko kunaanzia nyuma ya vifaa vyako, kwenye kile kibandiko ambacho wengi wetu hukitafuta siku kifaa kimeshaungua.

Vyote vitatu nitavipima kwa vigezo vilevile vinne. Ukishavielewa vigezo, kuchagua kunabaki hesabu ndogo ya kalamu na karatasi.

Vigezo

Cha kwanza ni wati, nazo ziko za aina mbili. Kuna wati za kuendesha, yaani zile kifaa kinazovuta kikiwa kimeshatulia kazini, na kuna wati za kuanzia, ambazo vifaa vyenye mota huzivuta kwa muda mfupi sana wakati wa kuwaka. Mtumbwi ukishaelea hautaki nguvu nyingi. Shughuli ni kuutoa mchangani. Friji ya kawaida ya nyumbani huenda kwa wati 100 hadi 150, lakini kompresa yake ikianza inaweza kuvuta mara tano ya hapo au zaidi. Pampu ya maji ya nusu hozipawa, ile ya kupandishia maji kwenye simtanki kwa watu wa milimani, ina tabia hiyo hiyo. Hozipawa moja ni wati 746, kwa hiyo nusu yake ni 373, ila hizo ni nguvu zinazotoka kwenye mota. Umeme unaoingia ni zaidi ya wati 500, na wakati wa kuanza ni mara kadhaa ya hapo. Namba ya kuanzia mara nyingi huikuti kwenye kibandiko, ndiyo maana inawaumbua wengi.

Kama kibandiko hakina wati, kitakuwa na volti na ampea. Zidisha: volti 230 mara ampea 0.6 ni wati 138, kwa makadirio ya juu. Na jihadhari na herufi VA, yaani volti-ampea, ambazo huwa nyingi kuliko wati halisi. Inveta au UPS iliyoandikwa VA 1,000 haitoi wati 1,000. Nyingi hutoa kati ya 600 na 800. Maandishi makubwa ya kwenye boksi huwa ni VA, na wati zimejificha ubavuni kwa herufi za kutafuta na miwani.

Cha pili ni saa. Wati zinakwambia kama kifaa kitawaka, lakini hazikwambii kitawaka hadi saa ngapi. Hapo unazidisha wati kwa saa, unapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ndizo uniti moja ya LUKU, kwa hiyo kipimo hiki unakijua tayari mfukoni mwako.

Cha tatu ni aina ya umeme. Umeme wa TANESCO ni volti 230, hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na wimbi lake ni laini. Je, kinachochukua nafasi yake kinatoa umeme wa namna hiyo, au kitu kinachofanana nao kwa mbali?

Cha nne ni gharama na usumbufu baada ya kununua: mafuta, betri ya kubadilisha, kelele, moshi, vumbi.

Nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Buhongwa au Nyasaka. Ina balbu tano za LED za wati 9, TV ya inchi 32 ya wati 50, king'amuzi wati 15, rauta wati 10, feni wati 55, na simu mbili kwenye chaji, jumla wati 20. Hapo ni wati 195. Ongeza friji ya wati 120, unapata 315 vitu vyote vikiwa vimetulia. Lakini friji ikianza wakati vingine vinawaka, jumla inaweza kuruka hadi wati 900 au zaidi kwa kitambo kidogo. Pasi, birika la umeme na hita nimeviacha kwa makusudi. Kila kimoja kinameza wati 1,000 hadi 2,000, na anayetaka kuvibeba kwa betri ajue anazungumzia pesa nyingine kabisa.

Kwa saa nne za giza, vitu vile vya wati 195 vinakula wati-saa 780. Friji haivuti muda wote. Kompresa inawaka na kuzima, kwa hiyo kwa wastani tuihesabie wati 45, ambayo ni wati-saa 180. Jumla ni 960. Ikae kichwani namba hiyo.

Jenereta ndogo ya petroli

Kwenye wati, jenereta ndiye mbabe. Ya kilowati 2 itaanzisha friji bila kusita na pampu ya nusu hozipawa pia, ilimradi usiziwashe kwa pamoja huku kuna mtu anapiga pasi. Ila soma namba mbili kwenye boksi. Kubwa ni ya kilele, inayodumu kwa muda mfupi tu. Ndogo ndiyo ya kazi ya kila saa. Vile vijenereta vya kubeba kwa mkono mmoja, vya kuchanganya petroli na oili, vinavyouzwa kwa namba 950, vingi vina wati 650 tu za kazi. Taa na TV vitabeba, friji vitakoroma nayo.

Kuna jambo ambalo boksi haliwezi kukwambia kwa sababu halikuandikiwa Mwanza. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ile ya wati 2,000 ihesabu kama ya 1,750 hivi. Anayenunua kwa kubana wati hadi ya mwisho atagundua hilo siku ya kwanza.

Kwenye saa hakuna hesabu: inaenda kadiri mafuta yalivyo. Umeme ukikatika siku mbili, jenereta haina habari.

Aina ya umeme ndiyo inayohitaji macho. Hezi 50 zinatokana na injini kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mzigo ukiingia ghafla injini inashtuka, mzunguko unashuka, volti zinacheza. Balbu na pasi hazijali. TV na kompyuta zinajali, na mimi nisingechomeka kompyuta kwenye kijenereta cha 950 bila stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, katikati. Zipo jenereta zenye inveta ndani yake, ambazo umeme wake ni safi na kelele yake ni ndogo, ila bei yake ni ya juu kuliko ya kawaida.

Gharama ndipo inaposhindwa kwa mtu wa taa na TV. Jenereta ya kilowati 2 yenye mzigo wa kutosha hunywa kama lita moja kwa saa, na ukiiwekea balbu tatu haishuki kwa kiasi hicho hicho. Injini inazunguka tu, inakula. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu yako mwenyewe: bei ya lita moja inanunua uniti kadhaa za LUKU, wakati jenereta itakupa uniti moja na kitu kwa lita hiyo, tena ikiwa imebanwa vizuri. Kuna oili ya kubadilisha, kuna kabureta inayoziba ukiiacha na petroli miezi mitatu. Na jirani wa nyumba za kupanga, zilizobanana kama za Mabatini au Igogo, atakuwa na neno la kusema saa nne usiku.

Mambo mawili hayana mjadala. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini; jenereta haiwashwi ndani, wala barazani chini ya dirisha, hata kwa kuogopa wezi. La pili, usiiunge kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme unarudi kwenye laini, na huko juu ya nguzo anaweza kuwepo fundi. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya chenjiova, ile ya kuchagua ama TANESCO ama jenereta.

Inamfaa mwenye mizigo mizito kwa muda mfupi, au mwenye biashara ambayo hasara ya kukatika umeme ni kubwa kuliko bei ya petroli.

Inveta na betri

Hii inajichaji TANESCO ikiwepo na kushika kazi ikiondoka, bila moshi wala kamba ya kuvuta. Kwenye wati, inveta nzuri huruhusu kilele cha mara mbili ya uwezo wake kwa sekunde chache. Kwa nyumba yetu ya mfano ya wati 315 zenye kuruka hadi 900, inveta ya wati 1,000 halisi inatosha na kubaki na nafasi. Kama friji yako ni ile mpya ambayo yenyewe inaitwa ya inveta, kompresa yake inaanza taratibu na kuruka kwake ni kudogo. Majina yamegongana tu. Friji hiyo haikupi umeme wa akiba.

Kwenye saa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya risasi na tindikali, hata ile ya jeli, ukiimaliza yote kila siku itakufa mapema. Mafundi waangalifu hutumia nusu, yaani 600. Inveta yenyewe nayo inakula kidogo, tuseme asilimia 15. Wati-saa zetu 960 zinakuwa 1,130 kutoka kwenye betri. Betri moja ya risasi ya 100 haifiki. Unahitaji mbili, au moja ya 200. Ya lithiamu ya 100, ambayo volti zake halisi huwa 12.8, unaweza kuitumia karibu asilimia 90, ambayo ni 1,150 hivi: inafika, kwa kuponea. Bei ya lithiamu ni ya juu lakini inachajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, ile ya risasi mara mia kadhaa. Na betri ya gari iache kwenye gari. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, si kunyonywa usiku kucha. Utaifurahia kwa miezi michache kisha itakuwa ya kuuza kilo.

Aina ya umeme inategemea umenunua inveta gani. Za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi. Balbu na chaja nyingi huvumilia, lakini feni inanguruma, mota ya friji inapata joto, na spika zinakuwa na mlio. Ukitaka kuendesha friji, tafuta boksi lililoandikwa "pure sine wave", na mwambie muuzaji aiwashe na feni mbele yako. Sikio litakwambia zaidi ya boksi.

Gharama ya kila siku ni ndogo, kwa sababu unachaji kwa LUKU. Gharama kubwa inakuja kwa mkupuo, siku betri inachoka. Kuna na waya: kutoa wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni karibu ampea 98, ukijumlisha na upotevu. Waya mwembamba utayeyuka. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri.

Udhaifu wake mmoja unawahusu hasa wanaoishi mwisho wa laini. Jioni watu wakirudi, volti zinaweza kushuka sana. Inveta ikiona umeme uko chini ya kiwango ilichowekewa, inauhesabu kama haupo na kuanza kula betri, wakati kwa jirani taa zinawaka. Nyingi zina kitufe cha kupanua kiwango hicho. Kipanue kwa ajili ya taa na feni, kibane kwa ajili ya kompyuta.

Inamfaa mwenye TANESCO inayokatika kwa saa chache, anayetaka kimya na asiyetaka TV izime katikati ya taarifa ya habari.

Sola ya volti 12

Hapa nasemea seti ya paneli, kontrola ya chaji, betri, na vifaa vinavyotumia volti 12 moja kwa moja, bila inveta. Wavuvi wengi wa dagaa walioachana na karabai za mafuta ya taa wanaujua ukoo huu: taa ya LED na betri, basi.

Kwenye wati ndio mdogo kuliko wote, na hakuna aibu katika hilo. Taa za wati 3 hadi 7, redio, simu, TV ya volti 12 ya wati 20 au 25. Hakuna upotevu wa kubadilisha umeme, kwa hiyo kila wati inafanya kazi. Friji za volti 12 zipo na zinakula kidogo sana, ila bei yake inatisha, na mafundi wanaozijua ni wa kutafuta. Vifaa vyako vya volti 230 havitagusa mfumo huu. Ukiviongezea inveta ndogo umerudi kwenye hesabu za sehemu iliyopita.

Saa zinategemea jua. Paneli ya wati 100 kwa jua la Mwanza, siku nzuri, inaweza kukupa wati-saa 400 hadi 450. Siku za vuli na masika, mawingu yanapotanda kuanzia alfajiri, chukua nusu au chini ya hapo. Nyumba yetu ya mfano ingehitaji zaidi ya paneli mbili, lakini mwenye taa nne na TV ndogo analala vizuri kwa moja.

Aina ya umeme ni salama kwa mtu na haina suala la hezi. Ubaya ni kwamba volti 12 hazipendi safari ndefu. Ukivuta waya mwembamba mita 20 hadi chumba cha nyuma, taa inafika imepauka. Pia plagi zake hutofautiana kwa kila kampuni, na ukigeuza chanya na hasi kifaa kinaondoka.

Gharama baada ya kununua ni betri tu, na kupanda juu kufuta vumbi. Elekeza paneli kaskazini kwa mteremko mdogo wa nyuzi 10 au 15, mvua iisafishe yenyewe. Na uifunge imara, paneli zinaibwa.

Inamfaa aliye nje ya nguzo, au mpangaji ambaye atahama na vitu vyake vyote kwenye bajaji moja.

Kabla ya kutoa pesa: kifaa chenyewe kinakubali?

Angalia neno linaloonyesha umeme unaoingia. Chaja za simu na laptopu nyingi huandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50/60. Hizo zinakubali karibu popote, badilisha plagi tu. Kilichoandikwa 120 kutoka Marekani, au 100 kutoka Japani kama redio nyingi za mtumba, ukikichomeka kwenye 230 kitatoa moshi kabla hujakaa. Kinahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati kubwa kuliko za kifaa. Transfoma inabadilisha volti lakini haigusi hezi: mota ya hezi 60 kwenye 50 inazunguka taratibu na kupata joto, kwa hiyo mashine ya kunyolea ya Marekani bado inaweza kukusumbua. Kwa blenda au pasi, mara nyingi transfoma inakaribia bei ya kununua nyingine ya 230.

Kama shida yako si kukatika bali umeme mdogo, huenda huhitaji chochote kati ya vile vitatu. Kwenye volti 180, birika la wati 2,000 linafanya kazi kama la 1,200; linachelewa tu kuchemsha. Friji ndiyo inayoumia, mota yake inavuta ampea nyingi kujaribu kujikokota. Stabilaiza yenye wati zaidi ya zile za kuanzia za friji, na inayosubiri dakika chache umeme ukirudi, ni pesa ndogo kuliko kompresa. Ngurumo zikianza ziwani alfajiri, hata hivyo, chomoa. Stabilaiza haishindani na radi.

Kwa hali yako

Umepanga chumba kimoja na una taa, simu na TV ndogo: sola ya volti 12, au inveta ndogo yenye betri moja kama mwenye nyumba hataki mtu juu ya bati.

Una familia, friji na watoto wanaosoma usiku, na umeme hukatika kwa muda wa saa tatu au nne: inveta ya wimbi laini, betri kwa hesabu ya wati-saa na si kwa kukisia. Ukipata nafasi baadaye, ongeza paneli mbili. Hapo utakuwa na inveta isiyokwama siku TANESCO ikichelewa kurudi. Hakikisha tu inveta unayonunua leo ina mahali pa kupokea sola.

Una saluni Kirumba yenye draya: draya moja inavuta wati 1,000 au zaidi, betri zake zitakugharimu kuliko kodi ya fremu. Jenereta, iliyowekwa nje nyuma. Kinyozi wa jirani yako, mwenye mashine za wati 10 na taa mbili, asikuige. Yeye inveta ndogo inamtosha siku nzima.

Una friza ya sato au sangara: usianze na jenereta ya kuwaka usiku kucha. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Jenereta ya kuwasha kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda kama huo kila jioni, na mfuniko ambao haufunguliwi ovyo, vinaweza kukutosha. Lakini kama wateja wanaufungua kila dakika kumi, piga hesabu ya inveta kubwa yenye sola na uilinganishe na petroli ya miezi sita.

Uko kisiwani au kambi ya uvuvi bila nguzo: sola kwa taa na simu kila siku, na jenereta ya pamoja ya watu kadhaa kwa pampu au kuchomelea, ikiwashwa kwa saa maalumu na kila mmoja akitoa mafuta yake.